Kati ya Umeme na Ngurumo

Ndugu msomaji, lugha yetu imelitwisha neno umeme kazi mbili. Umeme ni ule mwanga upasuao wingu wakati wa masika, na umeme ni kile kipitacho katika waya hata taa ya ukumbini ikawaka. Mwaka 2008, kisiwa cha Unguja kilipokosa umeme wa pili kwa takriban mwezi mzima, tangu Mei hadi Juni, wengi wetu tulipata wasaa wa kuutazama ule wa kwanza. Masika yalikuwa yanakwisha. Usiku mmoja nilikaa juu ya paa la nyumba ya jamaa yangu, mji wote giza, nikitazama namna mawingu ya upande wa bara yalivyowaka na kuzimika bila ya sauti kufika kwetu. Wenzangu walisema ni mazuri kuyatazama. Mie nilinyamaza, kwani tangu utotoni nina deni na radi, na deni hilo sijapata kulisema hadharani mpaka leo.

Deni lenyewe ni la mwaka 1984, kijijini kwetu Pemba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Tulikuwa vijana wanne tunarudi kisimani, na mtoto wa ami yangu ndiye aliyetangulia. Mvua ilipoanza alikimbilia chini ya mwembe. Mie nilikuwa nyuma, nimesimama kutafuta ndara yangu iliyokwama topeni, na ndara hiyo ndiyo iliyoniweka duniani. Ukaja mwanga, na ngurumo pamoja nao, bila nafasi baina yake. Nilipofumbua macho, ndugu yangu alikuwa amelala ubavu, ndoo imeanguka kando, mwili hauna jeraha lolote nililoliona.

Watu wazima walikuja mbio. Wa kwanza aliyetaka kumwinua alizuiwa kwa ukelele: "Msimguse! Radi ingali mwilini!" Basi hatukumgusa. Tulisimama duara, mvua inatunyea, tukimngojea mzee ajuaye dawa ya radi, naye akafika alasiri. Kwa muda wote huo hapana aliyemwekea mkono kifuani.

Baada ya mazishi yakaja maneno. Pembeni ya mikarafuu yetu alikuwa akikaa bibi mmoja peke yake, mjane, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amegombana na watu wa nyumba ya ami kwa ajili ya mpaka wa shamba. Walionong'ona walisema radi haiji hivi hivi, hutumwa. Nami wakati ule ndio kwanza nimeanza kutunga. Nikataka kumwombolezea ndugu yangu kwa shairi, nikatafuta vina, nikaona kwamba radi na hasidi hukutana bila ya taabu. Kina kilinivuta, nami nikakifuata. Sikulitaja jina la yule bibi, lakini hapana msikilizaji ambaye hakujua ni nani niliyemkusudia. Lilisomwa katika arubaini, na wazee wakanisifu, wakasema mtoto huyu ana kipaji. Haukupita mwezi yule bibi akafunga mizigo yake, akavuka kwenda Tanga kwa jamaa zake. Alifia huko. Hilo ndilo shairi langu la kwanza kusifiwa.

Skuli niliiacha kidato cha pili. Kiarabu nilichonacho ni cha chuoni na cha vitabu vya kuazima. Kiingereza nilikipata kwa redio na kamusi isiyokuwa na jalada. Mtu ajifunzaye peke yake huingia katika elimu kupitia mlango wowote anaoukuta wazi, na mlango wangu umekuwa maneno. Radi ni neno la Kiarabu, raad, na ndilo jina la sura ya kumi na tatu katika Kurani. Lakini kwa Waarabu raad ni ngurumo, ile sauti. Sisi tulipolipokea tukalihamisha kutoka katika sauti, tukaliweka katika pigo lenyewe. Nguvu ya umeme, Waarabu wa leo huiita kahraba, na neno hilo lina jamaa nyumbani kwetu: kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la rangi ya asali, unaotungwa tasbihi. Limetokana na Kiajemi, na maana yake ni kipokonyaji cha majani makavu, kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani. Wayunani nao waliiita kaharabu elektron, na kutoka hapo Wazungu wakaupatia umeme jina. Nilipolijua hilo niliitoa tasbihi ya marehemu babu yangu, nikaisugua kwa kitambaa cha hariri, nikaisogeza karibu na uzi wa usufi. Uzi ukanyanyuka. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu, na mkono ulinitetemeka.

Kutoka kwenye uzi ule nikaanza kusoma kila nilichokipata juu ya umeme wa angani. Ndani ya wingu kubwa la mvua, hewa ya moto hupanda kwa nguvu, na huko juu maji huganda. Chembe nyepesi za barafu hugongana na chembe nzito zaidi, mfano wa mvua ya mawe iliyo laini. Katika kugongana huko zile nyepesi aghlabu hubeba chaji chanya na kupanda nayo kileleni, na zile nzito hubaki na chaji hasi katikati na chini ya wingu. Zikikusanyika kupita kiasi, hewa hushindwa kuzitenganisha, ndipo njia nyembamba ya moto hufunguka. Joto lake hufika nyuzi 30,000, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyo kandoni hutanuka kwa ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo.

Aliyeonesha njia ya kuthibitisha kwamba umeme wa wingu na umeme wa kusugua ni kitu kimoja ni Benjamin Franklin wa Marekani, mtoto wa mtengeneza mishumaa, ambaye alitolewa skuli akiwa na miaka kumi. Lakini katika kisa chake mtu ninayempenda zaidi ni Thomas-François Dalibard wa Ufaransa. Dalibard alizitafsiri kwa Kifaransa barua za Franklin, kisha akasimamisha nguzo ya chuma kijijini Marly-la-Ville kama barua zilivyoeleza. Tarehe 10 Mei 1752 wingu lilipita na cheche zikatoka, kabla Franklin hajarusha tiara yake mashuhuri. Ni nadra mtafsiri kumtangulia mwandishi! Mwaka uliofuata, 1753, Georg Wilhelm Richmann alijaribu jambo la namna hiyo nyumbani kwake St. Petersburg. Chuma chake hakikuunganishwa na ardhi, radi ikamwua pale pale. Mmoja alisoma sawasawa akapona, mwengine aliacha kiungo kimoja akafa. Nimeyaweka mawili hayo mbele yangu kila nikaapo kutafsiri.

Kisa kingine ni cha bahari, nacho kitawafaa watu wa pwani. Mwaka 1909 Wamarekani waliunda jahazi la utafiti, Carnegie, kwa mbao na shaba, wakiepuka chuma kwa kadiri ilivyowezekana ili dira na vipimo vyake visidanganywe. Niliposoma hayo nilikumbuka mitepe ya mababu zetu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari. Katika safari yake ya mwisho, 1928 hadi 1929, jahazi hilo lilipima nguvu ya umeme iliyomo hewani katika siku zisizo na wingu. Maana umeme haukosi hata mbingu ikiwa safi: karibu na ardhi, kila mita moja kwenda juu huongeza kiasi cha volti 100, nasi hatuhisi kitu kwa kuwa hewa hupitisha umeme kidogo mno. Mabaharia wale walikuta kwamba nguvu hiyo hupanda na kushuka kila siku, na kwamba saa yake ni moja popote jahazi lilipo. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, hupungua kabisa kiasi cha saa kumi na mbili asubuhi, na hufika kilele kiasi cha saa nne usiku. Sababu ni kuwa mvua zote za radi duniani, za Asia, za Afrika, za Amerika, kila moja kwa zamu ya alasiri yake, huijaza chaji hewa ya juu, na chaji hiyo hurudi chini polepole kila mahali palipo na utulivu. Novemba 1929 jahazi liliripuka katika bandari ya Apia, Samoa, lilipokuwa likipakia petroli, na nahodha wake akafa. Vipimo vilisalia. Hata leo, nikitoka uani saa nne usiku na nyota zote zinaonekana, hujua kwamba ninasimama ndani ya ngurumo za watu wa mbali.

Hayo ni ya kupendeza, lakini elimu hii haikukomea katika kupendeza. Tarehe 14 Novemba 1969 chombo cha Apollo 12 kilipigwa na radi muda mfupi baada ya kuruka, na tangu hapo warushaji wa vyombo kule Florida hupima nguvu ya umeme wa hewa kabla ya kuruhusu safari, kwani nguvu hiyo hubadilika hata kabla ya radi ya kwanza. Desemba 2022 Wazungu walirusha setilaiti yenye kamera ziangaliazo umeme wa mawinguni juu ya Ulaya na Afrika, picha elfu moja kwa sekunde. Wingu likianza kumeka upesi upesi kwa ghafla, huwa ni dalili kwamba linakusanya nguvu za upepo na mvua ya mawe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sasa mawingu yenyewe yana dalili zao.

Na bara letu lina haja kubwa. Uchunguzi wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kuwa baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, pahala panapopata umeme mwingi kuliko pote duniani ni karibu na Kabare, mashariki ya Kongo: zaidi ya mara 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Katika Ziwa Viktoria mvua za radi huja usiku, kwa sababu pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote zikakutana juu ya maji yenye joto, saa ile ile wavuvi wamo kazini. Makadirio ya wanaokufa ziwani humo kila mwaka hutofautiana, wapo wasemao elfu moja na wapo wasemao elfu tano, wengi wao wakizamishwa na dhoruba. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika skuli ya msingi wilayani Kiryandongo, Uganda.

Niliposoma habari ya Kiryandongo nilijiuliza, pigo moja linawezaje kuua watu kumi na tisa? Jibu ni kwamba wapigwao moja kwa moja ni wachache mno. Karibu nusu ya maafa hutokana na umeme uliokwisha kutua, ukatambaa ardhini, ukapanda mguu mmoja na kushukia mwengine. Ndiyo maana ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana mbali, hufa kwa makundi. Wengine hurukiwa kutoka kwenye mti ulio karibu nao. Nikaurudia mwembe wetu. Ndugu yangu hakulengwa, na hakuna aliyemtuma mtu. Mti ulikuwa mrefu, naye alikuwa chini yake. Hiyo ndiyo hadithi nzima, na haina kina cha hasidi ndani yake.

Mwaka 2023 nilitakiwa kutafsiri kijikaratasi cha mafunzo ya radi kwa ajili ya wavuvi na wakulima wa mwani. Kilikuwa kurasa mbili tu, nami nilikifanya kwa siku moja, kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kutafsiri tenzi nzima. Kabla ya kukipeleka nilikwenda Pemba kumsomea dada yangu mkubwa, ambaye amelima mwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilifika mahali nilipoandika, "Mkisikia ngurumo, jisitirini bandani." Akanikatiza.

"Banda lipi? Hili letu la makuti tunaloanikia mwani?"

Nikamwambia banda lolote.

"Ndugu yangu, hilo na mwembe wa kina ami lina tofauti gani?"

Sikuwa na la kujibu. Lugha niliyoitafsiri ilikuwa na neno moja linaloweza kubeba nyumba, paa na kivuli. Nami nikalipa banda, kwa kuwa banda ndilo lililo karibu na pwani na ndilo lililo jepesi ulimini. Banda la makuti huzuia mvua, radi halizuii. Kinachosalimisha ni jengo la kweli lenye kuta, lililotandikwa nyaya na mabomba yanayoingia ardhini, au gari lililofunikwa chuma pande zote na vioo vikiwa juu. Skuli na misikiti ingekuwa bora zaidi iwapo ingefungwa kinga ya radi, ile nguzo ya chuma yenye waya mnene unaozikwa chini. Haiizuii radi, bali huionesha njia isiyopita kwa watu. Mtandao wa ACLENet wenye makao yake Kampala umekuwa ukizifunga kinga hizo katika skuli za Uganda. Basi nililifuta banda, nikaandika: "Nendeni skuli au msikitini. Msikae bandani, msikae chini ya mti, msibaki majini wala katika ngalawa." Halina ufasaha, lakini hakuna awezaye kulifahamu vyengine.

Dada hakuwa amemaliza. Karatasi ilisema watu wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Akasema, "Bamvua hutupa saa chache tu, tena si kila siku. Nusu saa yako ni pishi zangu ngapi?" Nilitamani kumpunguzia, lakini wingu hurusha radi hata likiwa linaondoka, na kulegeza nambari ile kwa kumfurahisha kungekuwa ni kurudia kosa la zamani, la kusema kinachopendeza sikioni. Nikamwambia ukweli, kwamba nusu saa ni nusu saa. Nikamfundisha na hesabu: kati ya umeme na ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukihesabu thelathini, radi iko kilomita kumi, nayo huweza kuziruka kilomita hizo kwa pigo moja.

Wanawake wenyewe ndio waliolitatua. Skuli iko mwendo wa dakika kumi kutoka wanakolima, na kutoka majini hadi ufukweni ni dakika nyengine kama hizo. Kwa hivyo wakaona kuhesabu hakuwatoshi. Ikisikika ngurumo ya kwanza, hata ya mbali, hutoka. Na kwa kuwa aliyeinama kufunga mwani, upepo unavuma, huenda asisikie, waliamua mmoja wao abaki ufukweni kwa zamu siku za mawingu, na debe na kijiti. Debe likilia, hapana kuuliza. Pishi za yule wa zamu hulimiwa na wenzake.

Tulipofika ukurasa wa mwisho nilimpa asome mwenyewe. Pale pana maneno niliyoyapima zaidi kuliko yote: "Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse." Kisha huelezwa namna ya kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, kwa kuwa aghlabu anayekufa kwa radi hufa kwa moyo kusimama, na moyo uliosimama huweza kurejeshwa iwapo mtu hataogopa. Asili ilitumia maneno mengi ya kusema kuwa ni salama kumhudumia majeruhi. Mie nikachagua kitenzi kimoja, cha kuamuru.

Dada aliisoma sentensi ile, akanyamaza. Alikuwapo mwaka 1984; alikuwa mmoja wa waliosimama duara. Baadaye akasema, "Tangu adhuhuri hata alasiri." Sikumjibu. Akaendelea, "Na shairi lako bado ninalo kwa moyo. Wengi wanalo hapa."

Hilo ndilo deni, msomaji. Shairi hudumu kwa sababu lina vina na mizani, na uongo uliotiwa ndani yake hudumu nalo. Nimewauliza jamaa wa yule bibi walioko Tanga mahali alipozikwa, nikaenda, nikamwombea. Kijijini, siku ya Ijumaa, baada ya sala, nilisimama nikawaambia wazee na vijana kwamba shairi lile ni la mtoto asiyejua, na kwamba mwenye mtoto asimfundishe. Wazee wawili waliinamisha vichwa. Kijana mmoja aliniuliza, kama radi haitumwi, mbona ilimchagua yule na si wewe? Nikamweleza habari ya mti mrefu, na habari ya ndara iliyokwama topeni.

Nilipokwenda mara ya mwisho, kijikaratasi kilikuwa kimebandikwa mlangoni mwa skuli, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Debe limetundikwa kwenye mti wa mwanzo wa ufukwe, na dada ameligonga mara nyingi hata limebonyea. Siku ile mawingu yalikuwa upande wa bara. Tuliona umeme, sote tukanyamaza, tukaanza kuhesabu.